Kabla Dalili Hazijapotea: Mwongozo wa Kuutambua na Kuupima Ugonjwa wa MS

Mdogo wangu alikuwa anakata nyanya za kachumbari. Akaniita jikoni, akanishikisha kipande. "Dada, ziba jicho moja uiangalie. Haya, sasa ziba na la pili." Nikafanya hivyo, nikaona nyanya tu. Yeye kwa jicho la kulia aliiona nyekundu, kwa la kushoto aliiona imepauka kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Na jicho lenyewe lilimuuma kila alipolizungusha. Alikuwa na umri wa miaka 27, mwalimu wa darasa la nne. Tukaenda kliniki ya macho, daktari akamulika ndani, akasema jicho ni zima, akatupa dawa ya matone. Wiki ya sita uoni ukarudi wenyewe. Tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Mwaka mmoja na miezi minne baadaye miguu ikamfa ganzi mpaka kitovuni. Hospitali nyingine, daftari jingine, akatibiwa taifodi. Ganzi ikaisha. Kisha ikaja siku akiwa darasani anaandika ubaoni, mstari mmoja akauona miwili. Kuanzia ile nyanya hadi siku mtu alipoyaweka matukio yote matatu juu ya meza moja ilipita miaka mitatu.

Kinachoufanya MS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokuwa nyuma ya matukio hayo yote, uchelewe kujulikana ni tabia yake ya kuondoka. Miaka ya mwanzo, kwa wagonjwa walio wengi, shambulio hupungua lenyewe hata usipofanya lolote. Basi dawa yoyote uliyokuwa unatumia wakati huo, iwe ya taifodi, ya minyoo au mizizi ya kuchemsha, ndiyo inayopewa sifa ya kukuponya. Shambulio linalofuata linaonekana kuwa ugonjwa mwingine kabisa, maana safari hii si jicho bali ni mguu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia nyumbani, kwenye kalamu na daftari, kabla hatujafika kwenye mashine.

Kwanza ujue unachokitafuta

MS ni kifupi cha multipo sklerosisi. Mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo imevikwa ganda la mafuta liitwalo mayelini, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme. Katika MS, kinga ya mwili inayotakiwa kupigana na vijidudu inaligeukia ganda hilo na kulichubua. Mahali palipochubuliwa ujumbe hupita polepole, hukwama, au huvuja kwenda kusikohusika. Pakipona panabaki kovu gumu, na makovu hayo ndiyo yaliyoupa ugonjwa jina pale daktari Jean-Martin Charcot alipoueleza kwa kina mjini Paris mwaka 1868.

Duniani kuna watu wapatao milioni 2.9 wenye MS. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Nchi za karibu na Ikweta zina wagonjwa wachache kuliko Ulaya ya Kaskazini au Kanada, ni kweli. Lakini uchache huo umewafanya hata wahudumu wa afya wengi waamini kwamba ni ugonjwa wa Wazungu, na mtu mweusi mwenye dalili zake anazungushwa kutoka presha hadi vidonda vya tumbo hadi "ni mawazo tu, pumzika". Ugonjwa huu hauambukizi. Hauletwi na uzinzi, wala kurogwa, wala kosa la mama alipokuwa mjamzito. Utafiti uliofanywa kwa wanajeshi wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kirusi cha Epstein-Barr kinahusika kwa kiasi kikubwa, lakini kirusi hicho karibu kila mtu mzima duniani anacho, na wengi wetu tulikipata utotoni bila kujua. Uvutaji wa sigara, upungufu wa vitamini D na unene kupita kiasi katika ujana huongeza uwezekano.

Hatua ya kwanza: tofautisha shambulio na usumbufu wa kawaida

Kila mtu huwahi kufa ganzi mkono alioulalia. Hiyo siyo. Shambulio la MS lina mwendo wake: linaanza taratibu, linazidi kwa saa au siku kadhaa, linakaa, kisha linapungua kwa wiki au miezi. Ili liitwe shambulio lazima lidumu si chini ya saa 24, na mtu awe hana homa wala maambukizi yanayoweza kulieleza. Kitu kilichokuja ghafla ndani ya dakika moja, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, hicho ni kiharusi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa akimbizwe hospitali dakika hiyo hiyo.

Jicho ndilo lililo rahisi kulipima nyumbani. Neva ya jicho ikivimba, uoni wa jicho moja hufifia kwa siku kadhaa, huuma ukilizungusha, na rangi, hasa nyekundu, hupoteza ukali wake. Chukua kitu chekundu: nyanya, kizibo cha soda, kanga. Ziba jicho moja, angalia, kisha badilisha. Wekundu ukitofautiana waziwazi kati ya macho mawili, andika tarehe na uende hospitali. Usishangae daktari wa macho akikuambia haoni kitu, kwani uvimbe mara nyingi uko nyuma ya jicho, mahali ambapo tochi yake haifiki. Mwombe apime rangi, na apime jinsi mboni zinavyosinyaa akihamisha mwanga kutoka jicho moja kwenda jingine na kurudi.

Uti wa mgongo una lugha yake. Ganzi inaanzia vidoleni na kupanda siku hadi siku, mpaka inaweka mpaka tumboni au kifuani, na juu ya mpaka huo ngozi ni ya kawaida. Wengine husema wamefungwa kibwebwe kisichofunguka. Mkojo unabana ghafla na hausubiri, au kinyume chake, umejaa na hautoki. Maji ya kuoga mguu mmoja unayasikia ya moto, mwingine hauyasikii. Na kuna ile shoti: ukiinamisha shingo kidevu kiguse kifua, umeme unashuka mgongoni hadi miguuni, sekunde moja tu. Mdogo wangu alikuwa nayo miezi mitatu, na hakumwambia mtu yeyote kwa sababu aliona aibu kusema anapigwa shoti na shingo yake mwenyewe. Sekunde hiyo moja, ikijirudia siku nyingi, nayo huhesabiwa.

Dalili zikitokea kwenye shina la ubongo, mtu huona vitu viwili viwili (na akiziba jicho moja, kimoja kinapotea), hupata kizunguzungu cha siku nyingi, uso hufa ganzi upande mmoja, au maumivu makali ya shoti hupita shavuni. Maumivu hayo kwa mzee wa miaka 70 yana sababu nyingine nyingi, ila kwa kijana wa miaka 25 yatufanye tuikumbuke MS.

Uchovu ni karibu wote wanao, na ni uchovu usiolingana na kazi iliyofanyika. Peke yake hautoshi kuwa ushahidi wa chochote.

Halafu kuna joto, nalo kwetu huku ni jambo kubwa. Mshipa uliochubuka hufanya kazi vibaya mwili ukipata joto: jua la Februari, kukaa karibu na jiko la mkaa, maji ya moto, homa ya malaria. Dalili za zamani hurudi kwa saa chache, ukipoa zinatulia. Hilo si shambulio jipya. Lakini mtu ambaye jicho lake hufifia kila akimaliza kupika na kurudi akikaa kivulini, amekupa habari muhimu sana, na daktari mwenye kujua ataisikiliza.

Kina mama wasikilizwe zaidi baada ya kujifungua. Miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito mashambulio hupungua, na miezi mitatu ya kwanza baada ya kujifungua huongezeka. Ganzi ya miguu wiki ya tano baada ya uzazi isitupiwe tu sindano ya mgongo aliyochomwa wakati wa upasuaji.

Hatua ya pili: daftari

Nunua daftari la kurasa 48, liwe la kazi hiyo tu. Kila dalili iandikwe siku inapotokea, kwa maneno yako, bila kujaribu kutumia maneno ya kidaktari. Ukurasa mmoja wa mdogo wangu unasomeka hivi:

"Machi 3, asubuhi: vidole vya mguu wa kulia vina ganzi. Machi 5: imefika goti, na wa kushoto umeanza. Machi 8: imefika kitovuni. Kandambili inanivuka na sijui. Sina homa. Machi 12: haijaongezeka. Machi 29: wa kushoto umerudi, wa kulia bado nyayo."

Daktari bingwa aliusoma ukurasa huo kwa muda mrefu kuliko alivyosoma karatasi yoyote ya maabara. Ndani yake kuna vyote anavyovihitaji: mwanzo, mwendo, kilele, kupungua, mpaka wa ganzi, na kwamba homa haikuwepo.

Kisha rudi nyuma. Kusanya kila kadi, kila risiti ya kipimo, kila daftari la zahanati, uyapange kwa tarehe. Waulize watu unaoishi nao, maana wao hukumbuka ulichokisahau. Daktari kijana aliyempokea mdogo wangu mara ya tatu alimuuliza, "Dada, umewahi kupata tatizo lingine lolote?" Akajibu, "Hapana, daktari." Hakuwa anadanganya. Jicho lilikuwa limepona, kwake halikuwa tatizo tena. Mimi niliyekaa kwenye benchi ndiye niliyesema, "Na ile nyanya?" Kwa hiyo usijiulize kama umewahi kuumwa. Jiulize kipande kwa kipande: jicho limewahi kufifia kwa siku kadhaa? Sehemu ya mwili imewahi kufa ganzi zaidi ya siku moja? Umewahi kuona viwili viwili? Kuyumba kama mlevi? Mkojo kukataa au kutoka wenyewe? Shoti ya shingo? Kila "ndiyo" itafutiwe mwaka na mwezi, hata kwa kukadiria: "ilikuwa kabla ya harusi ya shangazi".

Hatua ya tatu: kumfikia daktari anayefaa

Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu katika Afrika Mashariki ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Usisubiri mpaka umpate. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa anaweza kuanza kazi yote na kukuandikia rufaa. Mpe ukurasa mmoja wenye muhtasari wa tarehe, kisha lile daftari. Sema wazi: "Daktari, haya matukio yametokea nyakati tofauti na sehemu tofauti za mwili. Naomba tuangalie kama yana chanzo kimoja."

Uchunguzi wa mwili wa maana unachukua muda. Atagonga magoti kwa nyundo ndogo, atakwaruza unyayo kuona kidole gumba kinaelekea juu au chini, atakugusa kwa kitu chenye ncha na kwa chuma kinachotetemeka, atakutembeza kwenye mstari kisigino kwa vidole, atafuata macho yako kwa kidole chake. Ukiona unaandikiwa vipimo bila kuvuliwa hata viatu, omba kwa adabu apime miguu. Ni haki yako.

Dalili nyingine hazingoji miadi. Miguu yote miwili ikilegea na mkojo ukakataa kutoka, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na kila saa ina thamani. Vivyo hivyo kushindwa kumeza au kupumua, au homa pamoja na shingo kukakamaa.

Hatua ya nne: kuyaondoa magonjwa yanayofanana na MS

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "huyu ana MS". Damu hupimwa ili kuwaondoa wengine kwanza, na kwa mazingira yetu hawa wengine ni wengi na baadhi wanatibika kabisa. Ndiyo maana sipendi mtu kuruka hatua hii hata akiwa na pesa ya MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) mkononi.

Upungufu wa vitamini B12 huleta ganzi na kuyumba, na tiba yake ni sindano za bei nafuu. VVU na kaswende vyote huweza kushambulia uti wa mgongo, vipimwe bila aibu na bila kudhani kwamba umetuhumiwa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza na maumivu ya mgongo, kupungua uzito, jasho la usiku. Kwa anayeishi au aliyewahi kuogelea na kuvua Ziwa Victoria, kichocho kinaweza kutaga mayai yake hadi ndani ya uti wa mgongo, na wachache huliwaza hilo. Anayekunywa maziwa mabichi na kuishi na mifugo apimwe bruselosi. Lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, pia hupimwa. Na kuna konzo, kupooza kwa miguu kunakotokana na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Jina hilo limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na ugonjwa wenyewe uliwahi kuzuka wilayani Tarime katika miaka ya 1980. Konzo huja ghafla, hushika miguu yote miwili sawasawa, haizidi baada ya hapo na haileti ganzi, kwa hiyo ikisimuliwa vizuri haitachanganywa na MS.

Anayetuhusu zaidi sisi watu weusi ni ndugu wa karibu wa MS anayeitwa NMOSD. Naye hushambulia neva za macho na uti wa mgongo, lakini kwa ukali zaidi: macho yote mawili huweza kuzimika kwa pamoja, au kipande kirefu cha uti wa mgongo huvimba, na mtu haponi vizuri. Dalili yake ya ajabu ni kwikwi au kutapika kusikokoma kwa siku nyingi, mtu anatibiwa tumbo mpaka anachoka. Mwaka 2004 watafiti waligundua kingamwili inayoutambulisha ugonjwa huu, na kwenye fomu ya maabara huandikwa AQP4. Kuna mwingine tena, hutambuliwa kwa kingamwili ya MOG. Sababu ya kung'ang'ania vipimo hivi viwili ni hii: baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, huweza kuizidisha NMOSD. Kukosea jina hapa ni kumdhuru mgonjwa kwa dawa. Hospitali yako isipokuwa navyo, uliza kama maabara yao hutuma sampuli nje.

Jambo la steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, liko hapa pia. Shambulio kali hutibiwa kwa methilipredinisoloni kwenye dripu, kwa kawaida gramu 1 kwa siku, siku 3 hadi 5, baada ya kuhakikisha hakuna maambukizi yaliyojificha. Huharakisha kupona. Lakini vidonge vichache vya predinisoloni kutoka duka la dawa ni jambo jingine. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1992 lilionyesha kwamba waliovimba neva ya jicho na kupewa vidonge peke yake kwa dozi ya kawaida walirudiwa na tatizo mara nyingi zaidi. Tena steroidi hubadilisha picha ya vipimo. Inapowezekana, damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza, mradi tiba isicheleweshwe kwa ajili hiyo.

Hatua ya tano: MRI

CT, picha inayopigwa kwa eksirei za pande nyingi, haitoshi. Nimeona watu watatu wakirudishwa nyumbani kwa sababu CT ya kichwa "iko kawaida". CT huona damu, uvimbe mkubwa, mfupa. Madoa madogo ya MS huyapita. Eksirei ya mgongo nayo haionyeshi mishipa ya fahamu. Kipimo ni MRI, na inafaa iwe ya nguvu ya tesla 1.5 au 3. Mashine za nguvu ndogo zipo nyingi na bei yake inavutia, ila zinaweza kukosa madoa. Uliza kabla ya kulipa, na uliza bima yako inahitaji kibali gani, maana hapo ndipo wengi hukwama wiki nzima.

Angalia fomu imeandikwa nini. Iwe ubongo na uti wa mgongo, angalau sehemu ya shingo, pamoja na neva za macho ikiwa jicho ndilo lililoumwa. Doa kwenye uti wa mgongo lina uzito mkubwa, kwa sababu presha, kisukari na umri huleta madoa meupe ubongoni lakini si kawaida kuyaleta kwenye uti wa mgongo. Iwe na dawa ya kung'arisha picha, gadoliniamu, inayochomwa mkononi wakati wa kipimo: madoa mapya hung'aa, ya zamani hayang'ai. Kwa sababu ya dawa hiyo figo hupimwa kwanza, na kama una mimba au unahisi unayo, sema.

Siku yenyewe vua kila chuma: hereni, pini za mtandio, sidiria yenye waya, mkanda, hirizi yenye madini. Sema kama una chuma mwilini au uliwahi kuingiwa na kipande cha chuma machoni. Utalala ndani ya bomba, mashine inagonga kama fundi bati, kwa dakika 30 hadi 60 au zaidi. Haiumi, na haina mionzi. Mwenye kuogopa mahali pa kubana aseme mapema, atashikishwa kengele.

Ukitoka, dai CD yenye picha. Ripoti ya karatasi peke yake ni maoni ya mtu mmoja. Bingwa atataka kuona kwa macho yake. Anatafuta madoa yenye umbo la yai yaliyosimama wima dhidi ya vyumba vya maji vya ubongo, yale ambayo madaktari huyaita vidole vya Dawson kwa jina la aliyeyaeleza mjini Edinburgh mwaka 1916.

Hatua ya sita: maji ya uti wa mgongo

Hapa familia nyingi hukataa, kwa kuwa kila mtaa una hadithi ya aliyetolewa maji ya mgongo akafa. Wengi katika hadithi hizo walikuwa mahututi kwa homa ya uti wa mgongo, na kipimo kilikuja wakiwa wamechelewa. Sindano huingizwa sehemu ya chini ya kiuno, chini ya pale unapoishia uti wenyewe, kwa hiyo haiuchomi. Kabla yake daktari huhakikisha hakuna uvimbe kichwani wala tatizo la damu kuganda. Madhara yanayojulikana zaidi ni kichwa kuuma ukikaa na kutulia ukilala, siku chache.

Kinachotafutwa ni mistari ya oligoklono, yaani alama za kingamwili zilizotengenezwa ndani ya ubongo wenyewe. Ili kulijua hilo lazima damu itolewe siku ileile, zilinganishwe. Mistari iwemo kwenye maji na isiwemo kwenye damu. Sampuli ya maji ikitumwa peke yake kazi imeharibika, hivyo uliza. Kutokuwepo kwa mistari hakuifuti MS, kwani wapo wagonjwa wasio nayo. Seli nyeupe zikiwa nyingi sana, daktari atarudi kutafuta maambukizi.

Jinsi jibu linavyopatikana

Madaktari duniani hutumia vigezo vya McDonald, vilivyotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa mara kadhaa. Kiini chake ni mahali na wakati. Mahali: madoa yawe angalau sehemu mbili kati ya zilizotajwa, yaani kando ya vyumba vya maji, karibu na gamba la ubongo, shina la ubongo na ubongo wa nyuma, na uti wa mgongo. Marekebisho ya 2024, yaliyochapishwa 2025, yameongeza neva ya jicho kuwa sehemu ya tano. Wakati: uthibitisho kwamba madoa hayakutokea yote siku moja, kwa mashambulio mawili, au doa linalong'aa pamoja na lisilong'aa kwenye picha moja, au doa jipya kwenye MRI ya baadaye. Mistari ya oligoklono huweza kushika nafasi ya uthibitisho wa wakati, na vigezo vipya havidai tena uthibitisho huo kwa kila mgonjwa, ikiwa ushahidi mwingine umetosha.

Sharti lililo juu ya yote ni kwamba kusiwe na maelezo mengine yaliyo bora. Usitamani jina la MS haraka. Utafiti wa kliniki mbili za Los Angeles uliochapishwa 2019 ulikuta kwamba asilimia 18 ya waliofika tayari wakiitwa wagonjwa wa MS hawakuwa nayo. Kipandauso na madoa ya kawaida ya MRI vilikuwa vimewapotosha waliowapima. Ikiwa una madoa kwenye picha na hujawahi kupata shambulio lolote linaloeleweka, tafuta maoni ya pili.

Huenda ukaambiwa "bado hatuna uhakika". Jibu hilo ni halali. Omba tarehe ya MRI ya marudio, kwa kawaida baada ya miezi 3 hadi 12, na ifanyike kwenye mashine ileile ikiwezekana.

Siku ya majibu

Nenda na mtu, maana masikio yako yataziba baada ya sentensi ya kwanza. Aliyekusindikiza aandike. Uliza ni aina gani: inayokuja na kuondoka, ambayo ndiyo ya takriban asilimia 85 ya wanaoanza, au inayozidi polepole tangu mwanzo bila mashambulio. Uliza AQP4 na MOG vimetoka vipi. Uliza tiba ya kuzuia mashambulio itaanza lini, kwa sababu muda uliopotea hapa hulipwa kwa makovu. Ukiambiwa dawa hizo ni za nchi tajiri, taja kwamba Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2023: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Rituksimabu tayari hutumika kutibu saratani za damu, kwa hiyo hospitali kubwa nyingi zinaifahamu. Kabla ya kuianza utapimwa homa ya ini B na kifua kikuu. Kama unapanga kupata mtoto, sema siku hiyo hiyo, si baadaye.

Na daftari liendelee, kwani daktari ataamua kubadili dawa au kuiacha kama ilivyo kwa kuhesabu mashambulio ya kweli, na kuyatenga na yale ya joto na homa. Mdogo wangu sasa yuko kwenye daftari la tatu, na amerudi darasani. Ukurasa wa mwezi uliopita una mstari mmoja: "Shoti ya shingo siku mbili, nilikuwa na mafua na homa. Homa imeshuka, shoti imeisha. Sijaenda hospitali."